Mlaji Asiye na Risiti

Herufi S ilikuwa imemshinda kwa mara ya tatu, na saa mbili asubuhi ilikuwa bado haijafika. Fundi alisimama juu ya kreti la soda mbele ya kibanda cha kinyozi, brashi mkono wa kushoto, kikopo cha rangi kikining'inia kwenye kidole cha pete na kidole cha mwisho vya mkono wa kulia. Hivyo viwili vilikuwa bado vinapokea amri. Gumba, cha shahada na cha kati vilikuwa kwenye mgomo tangu mwaka jana, na mazungumzo yalikuwa yamevunjika.

"Fundi," kinyozi akasema kutoka chini, mikono kiunoni, "hiyo ni S au ni mnyoo?"

"Ni S."

"Mbona inajinyonga?"

"Inajipanga. Ipe nafasi."

Kinyozi alitaka maneno mawili tu, KINYOZI SAFI, na alikuwa amewahi kuomba radhi kwa kutaka yote mawili. Zamani fundi angeyamaliza kabla chai haijapoa. Sasa K peke yake ilikuwa imechukua nusu saa, na ilisimama pale ukutani miguu imeachana kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya gwaride bila kuambiwa kosa lake.

"Na hayo mengine je?" kinyozi akauliza, akionyesha chini ya herufi. Kwenye weupe wa chokaa palikuwa pameanza kuonekana maandishi mengine, mekundu yaliyofifia: MAYAI HAPA. "Nimepaka chokaa mara mbili kwa mikono yangu. Jana mtu kaja kuniuliza trei moja bei gani."

"Ulipiga msasa kwanza?"

"Msasa wa nini?"

Fundi akashuka kwenye kreti. Kwenye mambo ya rangi hakuwa na haraka; alizungumza kama shehe kwenye msiba wa mtu mkubwa. "Aliyepangisha kabla yako alitumia rangi ya mafuta. Chokaa haikai juu ya mafuta. Usiposugua kwa msasa mpaka ukuta ulie, utapaka leo, kesho utafurahi, mvua ya kwanza ikipiga, maneno yanarudi kama shemeji aliyesahau mwavuli. Na nyekundu ndiyo mbishi kuliko zote. Nyekundu haingoji hata mvua."

"Kwa hiyo nitauza mayai?"

"Nitakusugulia. Lakini siyo leo."

Kinyozi alijua kwa nini siyo leo. Yeye ndiye aliyelianzisha. Vinyozi husoma magazeti yote, hata yale ya kufungia wembe, na miezi miwili nyuma alikuta kipande kilichosema kwamba ile Sheria ya Kumlinda Mlaji haihusu unga na maharage tu. Huduma zimo pia, na katika huduma, matibabu yamo. Aliyetibiwa kwa uzembe anaweza kulalamika, na hospitali ikaamriwa kumlipia atibiwe upya. Kinyozi alikikata kipande kile kwa mkasi wa kazini, nywele mbili tatu zikiwa zimekwama juu yake, akampa fundi.

Fundi akapanda tena, akamaliza herufi zilizobaki, kisha akamalizia kwa kuchovya brashi ndogo kwenye rangi nyekundu na kuweka nukta mwisho wa neno SAFI. Mabango hayana haja ya nukta. Yeye aliweka kwenye kila bango, miaka ishirini na miwili sasa, na pembeni ya nukta aliandika tarehe kwa herufi ndogo kama punje za mtama. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Nukta. Ile ya leo ilitoka na mkia. Akaitazama.

"Hiyo ni mkato," kinyozi akasema taratibu, bila utani safari hii.

Mke wa fundi akatokea kwenye kona akiwa amevaa gauni la kwendea ofisini na bahasha ya kaki chini ya kwapa. Alikuwa anauza mitumba ya watoto sokoni na alikuwa na sauti ya kazi hiyo. "Baba watoto! Unaandika kitabu hapo? Twende!"

*

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mwaka mmoja uliopita, Fundi Nukta alikuwa na uvimbe wenye ukubwa wa gololi kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Haukuuma. Ulikuwa tu pale, kama mpangaji asiye na kelele. Wakati huohuo, meneja wa hospitali moja ya binafsi, yenye vioo vingi na maua, alikuwa anatafuta mtu wa kuandika ukuta wa mbele. Wakakubaliana kazi kwa kazi: fundi aandike ukuta, hospitali itoe gololi. Wakapeana mkono. Ulikuwa mkono huohuo.

Ijumaa na Jumamosi fundi aliandika, kila herufi kimo cha mtoto wa chekechea: MTEJA WETU NI MFALME. Rangi ya mafuta, buluu ya bahari yenye kivuli cha kijivu, na mwisho nukta nyekundu kubwa kama sahani, na tarehe yake. Watu walisimama kutazama. Dereva mmoja alirudi nyuma na gari ili asome tena. Jumatatu fundi akalazwa kwenye meza, akapigwa sindano ya ganzi, na daktari akafanya kazi dakika ishirini, simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega, akibishana na mtu kuhusu vigae vya bafu.

Gololi ilitoka. Ganzi haikutoka.

"Subiri," walimwambia mwezi wa kwanza. "Mshipa wa fahamu unajifunza upya." Mwezi wa tatu walisema afanye mazoezi ya kubana mpira. Mwezi wa sita walisema ni madhara yanayotarajiwa. Yalitarajiwa na nani, hawakusema. Daktari mwingine, wa hospitali ya umma, alimchoma vidole kwa pini huku fundi akitazama pembeni, kisha akasema mshipa umekatwa. Yupo mtaalamu anayeweza kuuunga, ila gharama yake ni kama kununua nyumba ya vyumba viwili, na muda nao unakwenda. "Misuli ikikaa bila habari kwa muda mrefu," daktari alisema, "inasahau. Ikishasahau, hata ukiunga mshipa, unapiga simu kwenye nyumba iliyohamwa."

Kwa hiyo kilichokuwa kwenye bahasha ya kaki kilikuwa gumba, kidole cha shahada na kidole cha kati. Na sheria, kwa hekima yake isiyopimika, ilitoa miezi kumi na miwili ya kulalamika. Mwezi wa kumi na mbili ulikuwa unaisha leo. Ile miezi mingine ililiwa na Baraza la Madaktari, ambako malalamiko yao yalikaa mezani mpaka yakaota vumbi, kisha majuzi yakarudishwa na barua ya mistari miwili: hakuna uzembe uliobainika.

*

Ofisi ya Kumlinda Mlaji ilikuwa ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa inalindwa isitumike. Ndani kulikuwa na mabenchi mawili na dirisha moja. Juu ya dirisha mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mzito: TAFAZALI SUBIRI UITWE. Fundi alikaa akiitazama ile Z kwa saa mbili na nusu. Mkono wake wa kushoto ulimwasha.

Mbele yao alikuwepo bwana mmoja aliyepakata birika la umeme kama mtoto mwenye homa.

"Linavuja," akamwambia karani.

"Risiti?"

"Hii."

"Dhamana?"

"Miezi kumi na miwili. Hii hapa."

Karani akapiga muhuri mara tatu, pa, pa, pa. "Watakupa jipya ndani ya siku saba. Wasipokupa, rudi, tutawafikisha mbele ya baraza letu."

Bwana akaondoka na birika lake, mlaji kamili, analindwa mbele na nyuma.

"Anayefuata!"

Karani alikuwa kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi sikioni, na sahani ya mkate mkavu chini ya faili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu amekaa miaka saba kwenye dirisha.

"Mlalamikaji nani?"

"Mimi," fundi akasema.

"Ulinunua nini?"

"Mkono," mkewe akadakia. "Tulipeleka mzima, tukarudishiwa mbovu."

Karani akavua miwani. "Mama, hapa ni kwa mlaji. Mambo ya wagonjwa yana Baraza la Madaktari."

"Tulikwenda. Barua yao hii hapa. Wewe ukiibiwa kuku, unapeleka kesi kwa baba wa mwizi?" Akachomoa kipande cha gazeti. "Soma hapo palipopigwa mstari. Hizo nywele usijali, ni za watu."

Karani akasoma. Akasimama, akatoa kitabu chenye jalada la kijani, akafunua, akasoma tena kwa kidole. "Matibabu yamo," akakiri kwa huzuni, kama kiranja aliyekuta jina lake mwenyewe kwenye orodha ya wachelewaji. "Lakini sikilizeni. Mlaji ni nani? Kifungu kinasema: mtu anayepata bidhaa au huduma kwa malipo. Sasa, kwenye cheti chenu cha hospitali, hapa kwenye malipo, pameandikwa nini?"

Fundi alijua kilichoandikwa. Aliinamisha kichwa.

"HISANI," karani akasoma. "Yaani bure. Cha bure hakina mlaji."

"Hakina?"

"Hakina, mama."

"Basi niambie, kaka. Pale hospitali, mlaji hakuwepo kabisa?"

"Kisheria, hakuwepo."

"Alikuwepo," mkewe akasema, akageukia mabenchi ili wote wasikie. "Mlaji ni hospitali. Huyu hapa ndiye aliyeliwa!"

Mabenchi yakacheka. Karani naye alicheka, kisha akakumbuka ameajiriwa.

"Haikuwa bure," fundi akasema. Ilikuwa mara ya kwanza anazungumza kwa kirefu, na alizungumza akiitazama ile TAFAZALI. "Niliwaandikia ukuta. Rangi yangu, brashi zangu, siku mbili. Tulikubaliana kazi kwa kazi. Hiyo hisani wameiandika wao."

Karani akarudi kwenye kitabu cha kijani. Alichukua muda. "Kifungu hakijasema pesa tu," akasema hatimaye. "Kimesema malipo. Kazi ni malipo. Lakini uthibitishe. Mkataba upo?"

"Tulipeana mkono."

"Upi?"

Fundi akauinua. Karani akatazama pembeni.

"Barua yao ingefaa zaidi. Kama hamna, hata picha ya hiyo kazi, mradi ina tarehe."

"Tarehe ipo!" fundi akasema kwa sauti iliyomshtua yeye mwenyewe. "Pembeni ya nukta. Kila bango langu lina tarehe."

"Basi kaipige picha. Tarehe ya kazi na tarehe ya upasuaji zikifuatana, naweza kufungua faili. Kufungua tu, wakubwa wataamua. Lakini likishafunguliwa leo, muda unasimama." Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita kasoro. "Dirisha linafungwa saa tisa na nusu. Kesho hata uje na ukuta wenyewe mgongoni, sitaweza kukupokea."

Wakabadilishana simu pale pale. Mke alibaki na ile ya mumewe, ya tochi, na kushikilia nafasi kwenye benchi kama mtu anayeshikilia bunduki. Mume akachukua ya mkewe, yenye kamera na kioo kilichopasuka mithili ya utando wa buibui. Karani aliandika namba yake juu ya bahasha, akampa fundi. "Ukipiga picha, nitumie. Usihangaike na ngazi tena."

*

Nauli ilikuwa imepanda tangu wiki iliyopita, kwa hiyo fundi alitembea. Alifika saa saba na robo, jasho likiwa limechora ramani mgongoni mwake.

Ukuta ulikuwepo. Alisimama ng'ambo ya barabara akautazama kama mtu anavyotazama picha ya harusi yake. S haikuwemo kwenye maneno yale, lakini W ilikuwemo, V mbili ndani ya herufi moja, na U iliyokaa imara kama sufuria, na M zote tatu sawasawa kama pacha watatu waliovalishwa na mama yao. Hakuwa ameandika kitu kizuri tangu siku ile. Hilo lilikuwa neno la mwisho la mkono wake wa kulia, na nukta ilikuwa imewekwa.

Akavuka barabara, akainua simu.

"We! We! Shusha hiyo!" Mlinzi alitoka kwenye kibanda chake akifunga mkanda. "Hapa hakuna picha bila kibali."

"Ni ukuta tu, bwana mkubwa. Niliuandika mimi."

"Hata kama ulizaliwa humo. Kibali kinatolewa Uhusiano wa Wateja. Pita lango la nyuma."

Mtu mwingine angepiga picha na kukimbia. Fundi Nukta alikuwa mtu wa hodi. Katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kugusa ukuta wa mtu bila kubisha kwanza kwa mwenye nyumba, hata kupima tu. Akashukuru, akazunguka nyuma.

Mlango wenye maneno UHUSIANO WA WATEJA aliuandika yeye pia, kama nyongeza, bila kudai kitu. Nukta yake ndogo ilikuwepo. Ndani alikaa dada mmoja mwenye tabasamu lililonyooka kama rula, na chombo cha maji ya kunukia kikipumua pembeni yake.

"Karibu sana, mteja wetu," akasema. "Tukusaidie nini?"

"Pole na kazi, dada. Naomba kibali cha kupiga picha ukuta wa mbele."

"Bila shaka, mteja wetu. Ni kwa ajili ya tangazo?"

Hapo ndipo ulimi ulipoponza kichwa. Fundi alikuwa amelelewa na bibi aliyemfundisha kwamba anayeomba hueleza. Akaeleza. Alieleza gololi, makubaliano, meneja, sindano, vigae vya bafu. Alieleza kitabu cha kijani na kifungu. Alieleza nukta, na tarehe, na jinsi karani alivyosema tarehe ndiyo kila kitu. Alieleza hata kwamba dirisha linafungwa saa tisa na nusu.

Tabasamu lilibaki mahali pake, ila mwenyewe alikuwa ametoka humo.

"Nimekuelewa, mgonjwa," dada akasema.

Mteja alikuwa amedumu dakika nne.

"Ngoja niangalie faili lako." Akabofya kompyuta. "Ndiyo. Uko hapa kama mgonjwa wa hisani. Hospitali ilikutibu kwa wema wake. Ukuta hauhusiani."

"Tulikubaliana na meneja."

"Meneja yule alihama."

"Lakini ukuta haujahama, dada."

Dada akamtazama kidogo. Akaonekana kulifikiria jambo hilo kwa makini kuliko yote aliyoambiwa. "Kweli," akasema. "Haujahama. Keti hapo nje, tukuandalie kibali."

Alipokuwa anafunga mlango, fundi alimsikia akiinua mkonga wa simu. Sauti yake ilikuwa ya chini na ya upole, kama anaagiza chai.

Benchi la nje lilikuwa la chuma lenye matundu. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika hamsini. Ikaonyesha saa nane na robo. Fundi akabisha, akaambiwa mwenye kupiga chapa yupo mapumzikoni. Saa tisa kasoro akabisha tena. Akaambiwa mwenye muhuri amekwenda kusali. Mkewe akapiga kwa ile simu ya tochi.

"Umepiga?"

"Nangoja kibali."

"Kibali cha nini? Cha kutazama? Baba watoto, toka nje upige!"

"Wameshasema wanaleta."

"Wameshasema! Hata ule mkono walishasema!" Salio likaisha.

Saa tisa na dakika tano dada alitoka na karatasi yenye nembo, saini na muhuri wa buluu, kazi safi. Ilisema: *Mgonjwa wa hisani, mwenye jina hapo juu, anaruhusiwa kupiga picha moja (1) ya ukuta wa nje.*

"Asante kwa kutuchagua," dada akasema.

*

Fundi alizunguka jengo mbio, viatu vikipiga kelele kwenye vigae, karatasi ikipepea mkononi. Alipofika mbele alisimama.

Mzee wa bustani alikuwa juu ya ngazi, ndoo ya chokaa imetundikwa, brashi pana ya kupakia mkononi. MTEJA WETU ilikuwa bado ipo. NI ilikuwa nusu. Upande wa kulia, palipokuwa na MFALME, palikuwa peupe, na mwisho kabisa, palipokuwa na nukta na tarehe, chokaa ilikuwa nzito zaidi, imepakwa kwa kurudiarudia, inachuruzika.

"Mzee wangu," fundi akasema, akihema. "Nani kakuambia upake?"

"Wa ofisini, mwanangu. Wamenipigia simu nimeshika kijiko." Alikuwa mzee mwembamba, suruali imekunjwa magotini, madoa meupe mpaka kwenye nyusi. "Nikauliza, nianzie mwanzo? Wakasema hapana, anzia kwenye nukta. Miaka sitini na mimi, sijawahi kuona mtu anaanza na nukta."

Fundi akatoa simu. Alikuwa na kibali cha picha moja. Akapiga moja. Picha ilitoka. Akaituma kwenye namba iliyoandikwa juu ya bahasha, akasubiri. Magari yalipita. Hakuna dereva aliyerudi nyuma kusoma.

Simu ikalia. Mkewe safari hii alikuwa kwenye simu ya karani, na hakuwa anapiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha.

"Karani anasema ameipata," akasema. "Anasema anaona mzee na ndoo."

"Mwambie tarehe ilikuwepo. Chini ya hiyo chokaa. Mwambie aje aone."

Akasikia wakizungumza. Akasikia kiti kikisogezwa.

"Anasema pole. Anasema pole sana, na anaonekana kweli ameumia, maskini. Anashusha kioo sasa."

Fundi akasikia dirisha likifungwa. Lilikuwa na kelele ndogo tu, kama kifuniko cha kopo la rangi.

"Rudi nyumbani, mama watoto," akasema. "Nakuja."

Lakini hakwenda. Alikaa kwenye ukingo wa barabara, mkono wa kulia umelala pajani kama kitu alichokuwa ameazimwa na sasa hamwoni mwenyewe wa kumrudishia. Alitazama brashi pana ikimaliza NI, ikaingia kwenye U ya WETU. Herufi haina pa kukimbilia. T ikaenda. E ikabaki meno matatu, mawili, moja.

Mzee wa bustani akashuka kusogeza ngazi. Akapita upande wa kulia kuangalia kazi yake, akasimama. Akainama karibu na ukuta, akaita.

"Fundi! Si wewe fundi wa mabango? Mlinzi kaniambia. Njoo uone kioja."

Fundi akainuka, akaenda. Kwenye mwisho wa ukuta, katikati ya chokaa mbichi, palikuwa pametokea duara la waridi iliyofifia, kubwa kama sahani.

"Nimepaka mara tatu," mzee akasema. "Inatoka tu. Mimi ni mtu wa maua, mwanangu, haya siyajui. Dada wa ofisini akija akaikuta, nitaambiwa nimefanya makusudi. Hebu nielekeze wewe mwenye ujuzi. Kuna njia yake? Nianze kwa kuparura, au nipake tu?"

Fundi aliutazama ukuta. Pale chini ya ngazi palikuwa na kipande cha msasa, kipya, bado kina bei ya dukani, ambacho mtu alikuwa amekitoa stoo pamoja na ndoo na hakuna aliyejua ni cha nini. Akakiokota kwa mkono wa kushoto. Akakikunja mara mbili, akakitia mfukoni mwa shati.

"Paka tu, mzee wangu," akasema. "Chokaa nzito nzito. Ikikauka, ofisini watafurahi."

"Kweli?"

"Kesho watafurahi sana."

"Mungu akubariki." Mzee akachovya brashi. "Na hilo neno la mwanzo nalo, MTEJA?"

"Nalo paka tu."

Akashika ngazi kwa mkono wa kushoto ili mzee asianguke, akainua uso juu. Upande wa milima mawingu yalikuwa madogo bado, ya kijivu, sawasawa na rangi ya kivuli aliyowahi kuichanganya kwa ajili ya herufi zile. Kwa hesabu yake, mvua zilikuwa zimebakiza wiki tano.